Mjadala: Wanatuahidi hisi tano, wanatupa macho tu

Mleta mada:

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Kuna aina ya sanaa ya kisasa ambayo husimami mbele yake ukaitazama. Unaingia ndani yake. Chumba kizima ndiyo kazi yenyewe. Mwanga, ukungu, vioo, sauti, maji, wakati mwingine harufu, vyote vinakuzunguka, na mwili wako unahesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Siku hizi hiyo ndiyo inayojaza watu. Makumbusho ya umma yanaipa kumbi kubwa, wafadhili wanaigombania, na matangazo yake yanaimba wimbo mmoja: njoo uzame kwa hisi zote tano.

Swali ninaloleta ni hili. Je, ni haki jumba linaloendeshwa kwa kodi kutoa ukumbi wake mkubwa kwa kazi hizi, miezi na miezi, huku wasanii wengine wakisubiri? Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungukane: nyingi hazistahili. Na sababu yangu siyo ile ya wakosoaji wa kizamani kwamba kuufurahisha mwili ni utoto. Ni kinyume chake. Naona nyingi haziujali mwili hata kidogo.

Chukueni maonyesho ya Van Gogh ya projekta, yale yaliyoenea sana baada ya ukumbi wa Atelier des Lumières kufunguliwa Paris mwaka 2018. Unaingia, kuta na sakafu zimefunikwa na picha zinazotembea, muziki unapigwa, unakaa chini. Haya, mwili umepata nini? Pua haikupata kitu. Ngozi haikupata kitu. Mguu umekanyaga zege. Sikio limesikia muziki ambao lingeusikia popote. Jicho ndilo lililofanya kazi, nalo pia limepunjwa, maana Van Gogh alipaka rangi nene mpaka ikainuka juu ya turubai na kutupa vivuli vyake vidogo. Ukikaribia mchoro wenyewe unauona mkono wake ulivyokuwa unakwenda. Projekta inalainisha yote hayo. Mchoro uliokuwa na mwili umegeuzwa pambo la ukuta linalosogea.

Sasa linganisheni na hiki. Mwaka 1977 msanii Walter De Maria alijaza udongo kwenye ghorofa moja la jengo huko New York. Udongo mtupu, kina cha sentimita 56 hivi, uzito wa tani 127. Bado upo, unamwagiliwa maji na kupigwa reki. Huruhusiwi kuukanyaga, unasimama kizingitini tu. Lakini unaunusa, hewa yake ina unyevu, na kelele za mji zinafifia kwa sababu udongo unazimeza. Hakuna picha, hakuna muziki. Kati ya hiki na kile cha projekta, kipi kinamzamisha mtu?

Au Hélio Oiticica wa Brazil. Mwaka 1965 alikuja kwenye ufunguzi wa maonyesho katika jumba la sanaa ya kisasa la Rio de Janeiro akiwa na wachezaji wa samba kutoka Mangueira, mtaa wa maskini ulio mlimani, wamevaa majoho aliyoyabuni yeye, Parangolé, kazi ambayo haijakamilika mpaka mtu aivae na kucheza nayo. Wakatolewa nje. Wakacheza nje. Jumba lilishindwa kuvumilia jasho, ngoma na watu wa mlimani ndani ya ukumbi wake. Leo majumba yanayofanana na lile yameandika neno "mwili" kwenye kila bango, ila mwili wanaoutaka ni ule unaosimama penye alama, unaopiga picha na kusogea.

Kwa hiyo anayeomba ukumbi wa umma kwa jina la hisi aulizwe: ukizima picha, kinabaki nini? Kama hakibaki kitu, hiyo ni sinema isiyo na viti. Sinema si dhambi, lakini iende kwenye kumbi za biashara.

Karibuni.

Fundi Mitambo:

Mleta mada, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kubeba nyaya. Mimi nafunga taa na projekta kwenye maonyesho, acha nikueleze kwa nini kila mtu anakimbilia macho.

Mwanga unatii. Nikibonyeza umezimika, nikitaka buluu nimepata buluu. Harufu haina swichi. Ukiipuliza saa nne asubuhi, jioni bado ipo, imeshaingia kwenye mapazia, kwenye sare za walinzi, na kwenye chumba cha jirani ambako kuna kazi ya mtu mwingine. Halafu pua ya binadamu inachoka upesi. Dakika chache tu mgeni amezoea, anasema mbona hakuna harufu. Ukiongeza, anayeingia wakati huo anakohoa. Joto nalo ni hivyo hivyo: unapanga nyuzi zako, kisha wanaingia watu mia moja, kila mmoja na joto lake, hesabu yote imevurugika.

Unyevu ndio usiseme. Jumba lenye michoro ya zamani linataka unyevu wa hewa usipande wala kushuka, kwa sababu mbao na turubai hutanuka na kusinyaa, na rangi iliyokauka haiwezi kufuata, inapasuka. Ukungu wako wa kisanii ukivuja hadi ukumbi wa pili, mhifadhi atakupigia simu usiku wa manane. Nasema hivi kwa sababu nimepigiwa.

Na projekta umezionea. Kundi la teamLab lilipofungua jumba lao Tokyo mwaka 2018 lilikuwa na kompyuta 520 na projekta 470, na ile si filamu inayorudiwarudiwa. Picha inakokotolewa papo hapo. Ukisimama tuli, maua yanachipua kukuzunguka, ukiyagusa yanapukutika. Mtu aliyekuja jana hakuona ulichoona wewe leo. Kwenye jumba lao jingine unavua viatu na kutembea ndani ya maji. Ngozi imepata kitu hapo au haikupata?

Na chumba cha mvua cha Random International, kilichoonyeshwa Barbican, London, mwaka 2012? Maji yanamwagika kutoka darini, sensa zinakuona ulipo, mvua inakatika juu yako tu. Uko katikati ya mvua na hulowi, mradi usikimbie. Ukikimbia sensa haikuwahi, unaloa. Hebu lete swali lako pale. Zima picha, kinabaki nini? Inabaki mvua.

Kijiti:

"Sinema isiyo na viti" nimeichukua, nitaitumia bila kukulipa. Ila kwenye mvua Fundi amekushika pabaya.

Mama Watatu:

Samahanini ndugu zangu, mimi sikusomea sanaa, ila na mimi nalipa hiyo kodi.

Nikiwapeleka wanangu kwenye makumbusho ya kawaida, neno ninalosema kuanzia mlangoni hadi mlangoni ni "usiguse". Watoto wanatoka wamejifunza kwamba sanaa ni kitu cha kuogopwa. Kwenye hizi kazi mnazozidharau wanalala chini, wanacheka, wanauliza maswali mpaka nyumbani. Mleta mada unataka tuwaondolee hata hicho?

Na huo utukufu wa kutazama mchoro kwa utulivu, nani anautazama hivyo? Kuna utafiti maarufu uliofanywa Metropolitan Museum, New York, ukachapishwa mwaka 2001. Waliwapima wageni muda wanaokaa mbele ya mchoro mmoja: wastani sekunde 27. Na hizo ni kazi bora kabisa za jumba lile! Halafu watu wanamcheka msanii Yayoi Kusama kwa sababu kwenye vyumba vyake vya vioo unaruhusiwa sekunde 20 au 30 kisha unatolewa. Yule bibi alitengeneza chumba chake cha kwanza cha vioo mwaka 1965, kabla ya simu zenu hizi, kwa hiyo msiseme aliwatengenezea watu wa selfi. Sekunde ni zile zile. Tofauti ni kwamba kwake umepanga foleni ukiwa na hamu, na ukiingia hutazami pembeni.

Halafu lile jua la taa la msanii Olafur Eliasson, ndani ya jumba la Tate Modern, London, kuanzia Oktoba 2003 hadi Machi 2004. Watu zaidi ya milioni mbili, bila kiingilio. Walilala sakafuni wakajitazama kwenye dari la vioo, wakapanga miili yao ikawa maumbo na herufi, na hakuna aliyewaagiza. Mkiniuliza ukumbi wa umma ni kitu gani, nitawaonyesha picha ile.

Mleta mada:

Dada Mama Watatu, asante, umenipa shahidi wangu mwenyewe. Jua la Eliasson liko upande wangu.

Lile jua lilikuwa nusu duara ya taa, mamia mawili hivi, za aina inayotoa rangi moja tu ya njano. Chini ya mwanga wa namna hiyo rangi nyingine zote zinakufa. Unautazama mkono wako, nguo za mwenzako, kila kitu ni njano na kivuli. Yaani hukuongezewa kitu; umenyang'anywa. Na jicho likinyang'anywa rangi linaanza kufanya kazi ambayo halijawahi kuifanya. James Turrell anafanya jambo la jamii hiyo: anajaza chumba mwanga ulio sawa pande zote, hauna kona wala mpaka, na baada ya muda hujui ukuta uko hatua moja au hatua hamsini. Ubongo unakosa pa kushika. Kazi hizo zina projekta ngapi? Hapo ndipo ninapotofautisha. Kazi nzuri ya kuzama inakuondolea kitu ulichokuwa ukikitegemea bila kujua. Kazi dhaifu inakurundikia.

Chumba cha mvua nakipitisha, Fundi. Kimekuondolea kulowa.

Lakini hizo sekunde 27 nitazikatalia. Ni wastani, na ndani ya wastani yumo aliyepita bila kusimama na yumo aliyesimama mpaka mlinzi akamtilia shaka. Mchoro unawaruhusu wote wawili. Kwenye chumba cha Kusama kuna mtu mlangoni ana saa mkononi. Hakuna njia ya wewe kuwa yule wa saa nzima. Mwaka 2017, maonyesho yake yalipokuwa jumba la Hirshhorn, Washington, yalikuja makundi ya watu, na boga moja kati ya maboga ya sanamu yaliyojaza chumba chake kimoja cha vioo lilivunjwa na mgeni ndani ya wiki ile ya kwanza. Simlaumu sana. Mpe mtu nusu dakika ndani ya kitu alichokisubiri kwa saa kadhaa, mikononi ana simu, na sakafu imejaa maboga. Ulitegemea nini?

Fimbo Nyeupe:

Nimesoma kimya kimya, sasa nichangie. Mimi sioni tangu utotoni. Ninyi mnasema "macho tu" kama tusi la kukosoa sanaa. Kwangu ni mlango uliofungwa. Tangazo linasema hisi zote, nafika, naambiwa kuna picha nzuri sana ukutani na sakafu haina vikwazo.

Kazi iliyonipokea kikamilifu ni ile ya Janet Cardiff ya mwaka 2001, spika 40 zimepangwa kwa umbo la yai, kila spika ina sauti ya mwimbaji mmoja wa kwaya, wanaimba muziki wa Thomas Tallis wa karne ya 16. Kabla ya kuanza unawasikia wanakohoa, wananong'onezana, mtoto anaulizwa kitu. Ukisogea kwa mmoja unasikia pumzi yake. Ukirudi katikati wanakufunika wote arobaini kwa pamoja. Pale sikupewa toleo la walemavu. Nilipewa kazi yenyewe, na wenye macho waliokuwepo walikuwa wameyafumba.

Kuna pia Lygia Clark, Mbrazili mwenzake Oiticica. Mwaka 1966 alichukua mfuko wa plastiki, akaujaza hewa, akaweka jiwe juu kwenye kona. Unaushika kwa viganja, ukibana jiwe linapanda, ukilegeza linazama. Basi, ndiyo kazi. Inapumua mikononi mwako. Gharama yake ni mfuko na jiwe, Fundi, haihitaji kompyuta 520. Leo ukienda kwenye maonyesho yake kuna uwezekano mkubwa ukaukuta mfuko uko kwenye kabati la kioo, kwa sababu sasa una thamani.

Halafu lile handaki la ukungu la Eliasson, mita 90, alilolijenga kwanza karibu na Copenhagen mwaka 2010. Wenye macho wanatoka humo wakisema wameonja maisha ya asiyeona. Mimi nacheka. Kutoona siyo ukungu. Asiyeona anajua mlango uko wapi kwa jinsi sauti ya viatu vyake inavyorudi. Walichokionja wao ni kupotea, na mimi sijapotea.

Kichwa Kizito:

Fimbo Nyeupe, umesema vizuri, ila hapa nitakuwa mbaya wenu wote. Nina kipandauso. Wote mnashindana ni kazi gani inapiga hisi nyingi zaidi, na hakuna aliyetaja mlango wa kutokea.

Jicho nalifumba. Sikio siwezi kulifumba, na besi nzito huisikii kwa sikio, unaisikia kifuani. Pua ndiyo kabisa. Ili nisinuse lazima niache kupumua. Kwa hiyo hizo hisi mnazozisifu kuwa za kweli ndizo zinazoingia bila kubisha hodi. Kurt Hentschläger ana kazi za ukungu mzito pamoja na taa zinazomweka kwa kasi. Wageni wanaonywa kabla ya kuingia kwa sababu taa za namna ile zinaweza kumwangusha mwenye kifafa, hata ambaye hakujua kuwa anacho. Sisemi zipigwe marufuku. Nasema kipimo cha Mleta mada, cha kuuliza hisi gani imeguswa, kinampa zawadi anayevamia zaidi. Kwa kipimo hicho kengele ya moto ni kazi bora.

Mimi ningeuliza mambo mengine: nimeambiwa nini kabla sijakata tiketi? Naweza kutoka katikati bila kuvuka kundi zima? Kuna saa za utulivu, sauti imeshushwa, watu wachache? Jumba la biashara lifanye litakavyo, nisipokubali siendi. Jumba la umma haliwezi kuniambia "si lazima uje".

Mzee wa Kamati:

Vijana, nimekaa kwenye kamati za aina hii miaka mingi, niwaambie kitu ambacho hakiandikwi kwenye mabango. Anayeamua ni bima.

Mwaka 1971 Robert Morris aliijaza Tate Gallery ya London magogo, mbao za kutelezea, majukwaa ya kuyumba, kamba na vitu vizito vya kuvuta. Watu wazima wakapanda, wakaruka, wakachomwa na vijiti vya mbao, wakaumia. Maonyesho yalifungwa baada ya siku chache tu. Yalirudi Tate Modern mwaka 2009, yamejengwa upya kwa tahadhari zaidi. Mwaka 2010 Ai Weiwei alimwaga mbegu za alizeti milioni 100 za kauri kwenye ukumbi ule ule wa jua la Eliasson, zimetengenezwa kwa mkono moja moja. Siku za mwanzo watu walitembea juu yake, wakazichota, wakazilalia. Ndani ya siku chache ikaonekana vumbi la kauri linaweza kudhuru mapafu, wakafungiwa kando. Wengi waliokuja baadaye walitazama kwa mbali kitu kilichotengenezwa ili kikanyagwe. Mwaka 2018, Porto, mtu alitumbukia kwenye shimo la Anish Kapoor la mita mbili na nusu; lilikuwa jeusi mpaka likaonekana kama duara iliyopakwa sakafuni. Akapelekwa hospitali.

Ndiyo maana mnapewa projekta, wanangu. Mwanga haujawahi kumvunja mtu mkono. Isipokuwa wa Turrell: mwaka 1980, makumbusho ya Whitney, mgeni aliegemea ukuta ambao haukuwepo, akaanguka, na kesi ikafika mahakamani.

Na Mleta mada, chumba chako cha udongo kinalindwa na taasisi binafsi, Dia. Nitajie jumba la umma litakalokubali tani 127 ghorofani kwa karibu miaka hamsini, bila kuuza hata tiketi. Ukumbi unaojaa watu ndio unaolipia vile vyumba vidogo vya juu ambavyo wewe unavipenda na hakuna anayevipanda. Mimi nawaonya upande mmoja tu: umati huu haudumu. Kampuni ya Lighthouse Immersive, iliyosambaza Van Gogh wa projekta Amerika Kaskazini, ilijaza kumbi mwaka 2021, na Julai 2023 ilikuwa inaomba kinga dhidi ya wadai. Jumba litakaloitegemea foleni litafilisika na foleni.

Mpita Njia:

Shikamoo mzee. Naingiza kitu kimoja ambacho hakijaguswa, kisha napita.

Mnajadili kama vile tatizo ni mwili kukosa kuguswa. Na ukiguswa vizuri mno? Mwaka 2017 mwongozaji filamu Alejandro González Iñárritu aliipeleka kwenye tamasha la filamu la Cannes kazi ya uhalisia pepe inayoitwa Carne y Arena. Unaingia peke yako. Kwanza unakaa kwenye chumba cha baridi, unavua viatu. Kisha unatembea peku juu ya mchanga, umevaa miwani, na usiku wa jangwani unakuzunguka: wahamiaji wanavuka mpaka wa Mexico na Marekani, helikopta, walinzi wenye bunduki, unaelekezewa bunduki na wewe. Dakika sita na nusu. Mleta mada, hiyo inapita kipimo chako mara tatu. Mchanga upo, baridi ipo, woga upo. Halafu unavaa viatu vyako na kuondoka na pasipoti yako mfukoni. Yule mhamiaji umemjua, au umejaribu ngozi yake kama nguo dukani?

Na upande wa pili, Kara Walker, 2014. Ndani ya kiwanda cha zamani cha sukari cha Domino, Brooklyn, alijenga sanamu kubwa ya mwanamke mweusi mwenye mwili wa simba, imefunikwa sukari nyeupe, urefu wa kwenda juu mita kumi hivi, kiwanda kiko karibu kubomolewa. Kuta zilikuwa bado zinanuka molasi, na pembeni wavulana wa sukari iliyoungua wakiyeyuka siku hadi siku kwa joto. Harufu ile ndiyo ilikuwa historia yenyewe ya utumwa wa mashamba ya miwa, huwezi kuipata kwenye picha. Na bado wapo waliosimama nyuma ya sanamu wakapiga picha za kejeli na makalio yake. Pua zao zilinusa sawasawa. Haikuwasaidia.

Kijiti:

Mpita Njia usipite, kaa.

Mama Watatu:

Mimi ya Carne y Arena sikubaliani. Dakika sita ni dakika sita, hakuna aliyesema ni maisha. Mwanangu akisoma habari za wakimbizi gazetini naye anafunga gazeti na kula chakula chake. Mbona gazeti hatuliulizi kama limejaribu ngozi ya mtu?

Mpita Njia:

Dada, gazeti halikuambii "sasa umekuwa yeye".

Mleta mada:

Nimewasoma wote. Mzee wangu, la bima limeniuma kwa sababu ni kweli, lakini tazama kinachotokana nalo: jumba linatangaza mwili na linanunua kazi zisizouhitaji mwili, kwa sababu mwili unaweza kuanguka. Basi liseme hivyo. Liandike bangoni: "Njooni mtazame picha kubwa." Sitakuwa na ugomvi nalo tena.

Kichwa Kizito, kengele ya moto imenifanya nicheke, na imenifanya niongeze kitu kwenye swali langu. Siulizi tena hisi gani imeguswa tu. Nauliza pia ni nani mwenye uamuzi. Mfuko wa Lygia Clark uko mikononi mwako, unabana au unauacha. Kwaya ya Cardiff, unasogea au unakaa mbali. Udongo wa De Maria hauvuki kizingiti kukufuata. Hata lile jua, watu walichagua kulala. Kazi hizo zinakupa nafasi ya kufanya jambo, nazo zinangoja. Chumba cha taa za kumweka hakikungoji. Na bunduki ya jangwani haikungoji pia, ingawa pale sijamaliza kufikiri, maana yule anayevuka mpaka hakungojwa na mtu, na huenda ndiyo maana yake yote.

Pendekezo langu, na sasa ni mahususi. Atakayepewa ukumbi mkubwa wa umma akubali masharti matatu: hakuna mtu mwenye saa mlangoni, maelezo ya sauti, mwanga na harufu yatolewe kabla ya tiketi, na angalau sehemu moja ya kazi iwe inashikika kwa mkono mtupu na ibaki hivyo mpaka siku ya mwisho, hata ikichakaa. Iwekwe bajeti ya kuitengeneza upya, kama tunavyoweka bajeti ya balbu.

Fundi Mitambo:

La tatu nalipenda, na nitakuambia gharama yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Projekta moja nzuri ikiharibika taa yake, pesa hiyo inanunua mifuko na mawe ya mwaka mzima.

La kwanza haliwezekani, mkuu. Toa mwenye saa mlangoni, chumba kinaingia watu wanne kwa wakati mmoja, nje kuna watu elfu mbili. Wale wanne wa kwanza wakiamua kukaa saa nzima, kwa haki yao uliyowapa, wengine unawaambia nini? Umewapa watu wanne De Maria na watu elfu mbili ukuta. Ni ukumbi wa umma huo?

Mleta mada:

Wachague: vyumba vya watu wanne visiingie kwenye ukumbi mkubwa. Kazi ya ukumbi mkubwa iwe ya watu wengi kwa pamoja, kama lile jua. Ya watu wanne iende vyumba vidogo vya juu, mtu aandikishe siku yake, akae saa yake.

Mzee wa Kamati:

Hapo utakuwa umenipandishia watu ghorofani kwa mara ya kwanza. Lete kwa maandishi.

Fimbo Nyeupe:

Na mkipanga hizo zamu, namba ziitwe kwa sauti. Mara ya mwisho nilikaa kwenye kiti nikisubiri, kumbe namba yangu ilishapita kwenye skrini.